Chumvi niliyompa mdogo wangu

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya wiki tisa aliponipigia simu na swali dogo: "Dada, ile chumvi yako ya waridi ina madini joto?" Mkunga alikuwa amemuuliza anapikia chumvi gani, naye akajibu kwa fahari kwamba kwake chumvi ya kiwandani haiingii tena, anatumia ya asili aliyopewa na dada yake. Dada huyo ni mimi. Nikamwambia nitampigia baadaye, nikaenda jikoni, nikageuza pakiti ambayo nilikuwa nimeshainunua mara nne bila kusoma upande wa nyuma. Palikuwa na sifa za madini mengi, na chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho: chumvi hii haijaongezewa ayodini, yaani hayo madini joto yenyewe.

Nilikaa chini palepale jikoni. Miezi mingi nilikuwa nimemwaminisha kwamba nampa kitu bora kuliko anachokijua.

Mambo yalianzia kwangu. Mwaka jana nilichoka uchovu usioisha kwa kulala. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana kwa mafungu, ngozi ya visigino imepasuka, na nilivaa sweta wakati wenzangu wanajipepea. Kipimo cha damu kilionyesha TSH, homoni inayoisukuma tezi ya thairoidi ya shingoni na ambayo hupanda tezi hiyo inapolegea, ikiwa 6.8, wakati maabara nyingi huhesabu kuanzia karibu 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. Daktari aliniambia nirudi baada ya miezi mitatu tupime tena, pamoja na kingamwili za tezi. Sikurudi. Nilikuwa nimeshapata maelezo mengine, matamu zaidi: kwamba tezi yangu ya thairoidi ina njaa ya ayodini, kwamba tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, zimechoka kwa msongo wa maisha, na kwamba dawa ya yote mawili ni chumvi isiyosafishwa asubuhi kwenye maji ya uvuguvugu na matone ya Lugol, maji ya ayodini kali, mchana.

Nilijipima mwenyewe kwa njia niliyofundishwa: unapaka ayodini mkononi, ikifutika kabla ya siku kuisha basi mwili "umeinywa" kwa sababu umepungukiwa. Yangu ilifutika kabla ya jioni. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba ayodini huyeyukia hewani, na rangi yake hufifia kwenye ngozi ya mtu yeyote, aliyepungukiwa na asiyepungukiwa. Lakini siku ile ule mkono mweupe ulikuwa kwangu ushahidi tosha.

Nikaanza na tone moja, nikapanda hadi manne kwa siku. Wiki ya kumi na moja shingo ilijaa, sauti ikakwaruza, na kupanda ngazi kukawa kazi. TSH ilikuwa 38.

Daktari hakunigombeza. Aliniambia, "Mama, niletee kila kitu unachotumia, hata unachoona si dawa." Nikampangia mezani: chupa ya matone, vidonge vya mwani, pakiti ya chumvi. Akachukua karatasi akaandika hesabu ambayo mpaka leo naikumbuka kwa mwandiko wake. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku. Tone moja la Lugol ya asilimia 5 lina kama miligramu 6, yaani mikrogramu 6,000. Tone moja ni mahitaji ya siku arubaini. Mimi nilikuwa nakunywa manne kila siku: mahitaji ya zaidi ya miezi mitano, kabla ya chakula cha mchana. Kikomo cha juu kinachotajwa Marekani ni mikrogramu 1,100 kwa siku, na Ulaya kimewekwa chini zaidi, 600.

Nilimuuliza inakuwaje kitu ambacho tezi inakihitaji kiizimishe. Akanieleza jambo lililoonyeshwa na watafiti Wolff na Chaikoff mwaka 1948: tezi ikifurikwa na ayodini ghafla, hufunga mlango na kuacha kutengeneza homoni. Tezi yenye afya huzoea baada ya siku chache na kurudi kazini. Tezi yenye ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe, mara nyingi inashindwa kujifungua. Kingamwili zangu zilikuwa juu sana. Ule ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo, na ndiyo maana nilitakiwa kurudi baada ya miezi mitatu.

Kuhusu adrenali, naomba niseme kwa utulivu kwa sababu najua wengi mnaokunywa yale maji ya chumvi asubuhi, na uchovu wenu ni wa kweli. Adrenali hutoa aldosteroni, homoni inayoziambia figo zishike chumvi au ziiachie. Ukila chumvi kidogo, inapanda. Ukila nyingi, inashuka. Hakuna mahali kwenye mzunguko huo ambapo kijiko cha ziada kinaijaza tezi nguvu. Ugonjwa wa kweli wa adrenali kushindwa kazi upo. Thomas Addison aliueleza mwaka 1855, na wagonjwa wake kweli hutamani chumvi, hupungua uzito, presha hushuka wakisimama, ngozi huwa nyeusi kwenye mikunjo. Huo unapimwa kwa kortisoli ya asubuhi, homoni nyingine ya adrenali, na ukiachwa unaua. Daktari wangu aliupima kabla ya kunianzishia levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, na sababu yake ilinishtua: mtu mwenye adrenali zilizoshindwa akipewa homoni ya thairoidi kwanza, anaweza kuanguka katika hali ya hatari, kwa kuwa homoni hiyo huharakisha matumizi ya kortisoli ambayo tayari hana. Hapo ndipo tezi hizi mbili zinapokutana kwa kweli. Kortisoli yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Maji yangu ya chumvi yalichofanya ni kunipandishia presha kidogo.

Basi nikaacha matone, nikaacha mwani (ambao kiasi chake cha ayodini hutofautiana mno kutoka kidonge hadi kidonge), nikaacha maji ya asubuhi. Lakini ile chumvi ya waridi sikuishuku. Niliendelea kuipikia, na mdogo wangu naye akaendelea. Kichwani mwangu chumvi ya asili ilikuwa na ayodini yake ya asili, ya kiasi, salama, na ya kiwandani ndiyo iliyonyang'anywa. Mpaka simu ile ilipopigwa.

Usiku ule nikafanya hesabu mwenyewe, kwa mtindo wa daktari. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi na mikrogramu kama 60 za ayodini. Tuseme unaikausha na hupotezi hata chembe. Gramu 5 za chumvi hiyo, ambazo ndizo kikomo cha siku kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, zitakuwa na mikrogramu zisizofika 9. Na kwa kweli sehemu kubwa hata ya hizo haiingii kwenye punje. Chumvi ya mwamba haina afadhali: ile ya waridi ni kloridi ya sodiamu kwa takriban asilimia 98, na rangi yake inayopendeza ni kutu ya chuma. Sasa chukua chumvi ya kawaida iliyowekwa madini joto, miligramu 30 kwa kilo. Gramu 5 zinakupa mikrogramu 150. Kiwango cha siku, bila kuhesabu chochote.

Nililia, niseme ukweli. Nyumba mbili za ndugu, pakiti ileile ya chumvi: mimi nilikuwa nimejizamisha kwa ayodini, na yeye nilikuwa nimemnyima. Tena yeye maziwa hayamkubali na samaki hali, kwa hiyo chumvi ndiyo ilikuwa njia yake karibu pekee. Na mjamzito anahitaji kiasi kikubwa zaidi, mikrogramu 250 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kwa sababu katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hana homoni yake. Ubongo unajengwa kwa homoni ya mama. Ndiyo sababu Uswisi ilianza kuweka ayodini kwenye chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan likafuata mwaka 1924. Rovu zilizokuwa zikionekana shingoni zilikuwa sehemu ndogo ya madhara. Makubwa yalikuwa kwa watoto.

Nikampigia alfajiri. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba nilikosea na nilimkosesha. Alinyamaza, kisha akasema, "Dada, tupo wiki ya tisa tu. Niambie ninunue ipi." Mkunga amemwandikia vidonge vya wajawazito vyenye mikrogramu 150 za ayodini, na jikoni kwake sasa kuna chumvi ya madini joto kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mvuke wa sufuria na jua la dirishani, maana unyevu na joto huipunguza. Anaitia chakula kikikaribia kuiva.

Mimi natumia hiyohiyo. Niliogopa, kwa sababu ya Hashimoto, lakini daktari alinihakikishia kwamba kiasi cha kwenye chumvi hakina tatizo kwangu. Kilichoniumiza ni yale matone. Kidonge changu nakimeza kwa maji matupu nikiamka, nasubiri saa nzima kabla ya kula, na vidonge vya chuma naviacha hadi mchana. TSH ya mwisho ilikuwa 2.9. Nywele zimeanza kurudi pembeni mwa paji, fupi na zilizosimama, na jana mdogo wangu, ambaye sasa yuko wiki ya ishirini na moja, alinitumia ujumbe kwamba mtoto ameanza kupiga teke.