Barabara ya mbele ya shule, Pasua: tulipofikia

Mchoro mpya umepitishwa na kamati ya shule, na mwenyekiti wa mtaa ameshagonga muhuri kwenye barua ya kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara yenyewe haijaguswa bado.

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi leo kwa mara ya kwanza: sisi ni wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi, tuko nyumbani Moshi kwa likizo. Tunachora upya kipande cha barabara kinachopita mbele ya shule ya msingi ya mtaani kwetu. Tunachora pamoja na walimu, wazazi, bodaboda na watoto wenyewe.

Kazi iliyotufundisha zaidi ni ile ya manila. Tuliwapa darasa la nne manila na kalamu za rangi, tukawaomba wachore wanavyopita kutoka nyumbani hadi darasani. Mistari karibu yote iliacha geti ikakutana chini kidogo, kwenye meza ya mama wa mandazi. Tukaenda kuangalia. Pale ndipo penye ubao imara juu ya mtaro, na mtaro wenyewe ni mpana kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuuruka.

"Shikamoo mama. Watoto wanavukia hapa kila siku?"

"Marahaba mwanangu. Nani mwingine awavushe? Nikiona pikipiki imekaza mwendo, nanyoosha hiki."

Akatuonyesha kijiko kirefu cha kuepulia mandazi, bado kinachuruzika mafuta. Kivuko tukakihamishia hapo hapo, na badala ya ubao tumechora karavati lenye kingo pande zote mbili. Geti la pili dogo litafunguliwa upande huo. Kuongeza geti si jambo geni: mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliopata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019 kwa kazi yake ya kulinda wanafunzi barabarani, umetumia mageti mapya pamoja na njia za waenda kwa miguu, matuta na nguzo fupi. Nimeyasoma mambo hayo chuoni, lakini bila manila zile tungechora kivuko kizuri mahali ambapo hakuna mtoto anayepita.

Kuhusu mwendo, tuliwaita vijana wa bodaboda wa kijiweni waje uwanjani. Ukomo wa kisheria kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo chombo hula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 30 hula mita 8 na kidogo. Kuanzia jicho linapoona hadi mkono ukamate breki, sekunde nzima inaweza kuwa imekwisha. Tukavuta futi kwenye nyasi, mtoto mmoja akasimama mwanzoni, dereva mmoja akasimama kwenye mita 14. Akatembea kumfuata yule mtoto taratibu, akasimama mbele yake.

"Yaani mpaka hapa breki sijagusa?"

Hakuna aliyemjibu. Jioni ile wenyewe wakapendekeza kijiwe kisogee juu, kwa sababu pikipiki zikipangwa karibu na kivuko, mtoto wa miaka saba haonekani kabisa. Nafasi iliyobaki tumeipa watembea kwa miguu.

Tuta bapa la kivuko ndilo lililotuumiza kichwa. Tumelipa kimo cha sentimita 10, juu tambarare, ili kiti cha magurudumu kipite bila kushuka wala kupanda. Mzee mmoja jirani na shule akatuuliza swali moja tu: masika yakifika, maji yanayoteremka kutoka juu yatapita wapi? Barabara hii ina mteremko, na Machi hadi Mei maji huja na tope, mifuko na maganda ya ndizi. Sasa tuta linaishia kabla ya kufika mtaroni, na nafasi iliyoachwa itafunikwa kwa wavu wa nondo unaofunguka, ili mtu aweze kuzibua kwa mkono. Mzee ameukagua mchoro, ameridhika.

Jaribio la chokaa na matairi ya zamani lilifanyika kwa ruhusa ya askari wa usalama barabarani. Watoto walipaka matairi rangi, tukabana njia ya magari pale kivukoni. Bajaji na Noah zilipunguza mwendo mapema. Pikipiki chache zilipenya pembeni, kwa hiyo kwenye mchoro nguzo fupi za kubana njia zitakaribiana zaidi.

Mjadala wa mti bado haujaisha. Walimu wanataka mjakaranda, mimi naogopa mizizi yake karibu na mtaro. Kivuli kinahitajika kweli, wazazi husubiri juani, ila mti ukae ndani ya uzio.

Jumatano tunapima tena kina cha mtaro na fundi zege wa mtaani, ili makisio ya karavati yaambatane na barua. Mwenye futi ndefu ya chuma aje nayo, ile ya kitambaa ya shule imeshavutika.