Kugawa kilomita kwa watu wa boda: jinsi nilivyotatua

Vipande vya njia ya Thika Road, kwa mpangilio: 4, 9, 3, 6, 8, 2. Boda tatu, kila moja ichukue vipande vinavyofuatana, na boda ya safari ndefu zaidi isiumie, yaani safari hiyo iwe fupi iwezekanavyo.

Kugawa kwa wastani (32/3) kulimbebesha wa mwisho 19. Kupanga vipande kwa ukubwa ndiyo mbaya kabisa: kunavunja mfuatano, boda inaruka kutoka Pangani hadi Githurai.

Kilichokubali ni kukisia kikomo cha kilomita kwa kila boda na kuhesabu boda zinazohitajika. Anza hesabu na boda 1. Jumlisha, ukipita kikomo, ongeza boda, jumla mpya ianze na kipande hicho hicho. Boda zikitosha, shusha kikomo; zisipotosha, pandisha, ukikata katikati kila mara, kuanzia kati ya 9 na jumla yote 32: 20, 14, 11, 13, 12. Jibu ni 13: 4+9, 3+6, 8+2.

Sasa kile kijidudu, yaani kosa katika programu ya hesabu hii: kikomo cha chini kisianze 0, kianze na kipande kirefu zaidi, yaani 9. Ukianza na 0, kwa boda tatu huoni kosa. Weka boda sita, programu inakupa 4 bila aibu, kwa sababu kipande cha 9 kinapewa boda mpya bila kupimwa na kikomo.