Kizunguzungu changu, kumbe viwili

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka 71. Nashona kanzu barazani kwangu hapa Tanga, na cherehani yangu bado ni ya kanyagio. Nataja kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyonionyesha tatizo: mtu unakaa saa tatu umeinamia kitambaa, kisha unanyanyuka ghafla.

Kilianza mwezi wa Shaabani. Mteja alikuja kuchukua kanzu yake, nikanyanyuka kumtolea kabatini, macho yakaingia giza. Nilishika mlango wa kabati mpaka likapita. Nikasema njaa. Siku mbili baadaye likarudi, na siku hiyo nilikuwa nimeshiba.

Ramadhani ikaingia na oda za Idi zikanijaa. Usiku mmoja wa tarawehe, nikiinuka kutoka sijda, nikamwangukia jirani yangu wa safu. Msikiti mzima ulikuwa na jibu moja: "Fundi, presha hiyo imepanda." Nami nikaamini, maana kwetu kizunguzungu na presha kupanda ni kama kitu kimoja. Nilikuwa nameza dawa za presha, basi daku ile badala ya kidonge kimoja nikameza viwili. Ujinga huo nauandika ili mwenzangu asiurudie. Kesho yake sikuweza kwenda chooni bila kushika ukuta. Duka la dawa nikauziwa dawa ya malaria bila hata kutobolewa kidole. Bibi mmoja wa mtaani akasema ni upepo mbaya, nikasomewe.

Aliyeniokoa ni binti yangu, yuko Dar es Salaam. Kwenye simu hakuniuliza kinaniuma nini. Aliuliza: "Baba, kinakujaje? Chumba ndicho kinazunguka, au wewe ndiye unataka kuanguka? Unakuwa unafanya nini? Kinakaa muda gani?" Sikuwa na jibu hata moja. Akaniambia niandike kila kinapokuja.

Daftari nililokuwa nalo karibu ni la vipimo vya wateja. Kwa hiyo ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Mabega 19, mkono 24, urefu 56. Nimenyanyuka, giza, nimehesabu mpaka kumi." Chini yake: "Shingo 16. Usiku nimegeuka kitandani, chumba kimezunguka kama feni, kichefuchefu." Niliandika vyote kwa neno moja, kizunguzungu, wala sikuona tofauti yake.

Tarehe 23 ya mfungo nikaenda hospitali na daftari langu na mfuko wa rambo wenye dawa zote. Daktari alikuwa binti mdogo, wa kulingana na mjukuu wangu. Alimwaga dawa mezani akazipanga. Presha nilikuwa na mbili, moja ya kulegeza mishipa na moja ya kukojoza. Ya tatu ilikuwa ya tezi dume, niliandikiwa kwenye kliniki nyingine. "Babu, aliyekupa hii alijua unameza na hizi?" Hakujua, maana hakuuliza, na mimi sikusema. Dawa ile ya tezi dume nayo hulegeza mishipa, hivyo presha hushuka unaposimama.

Kisha akanilaza kitandani dakika tano akanipima: 138 kwa 82. Akanisimamisha, akapima baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Ikawa 109 kwa 68. Presha yangu ilikuwa inaanguka. Alisema ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, au ya chini kwa 10, jambo hilo lina jina lake na lina tiba. Miaka yote napimwa nimekaa kwenye kiti, hakuna aliyewahi kunipima nimesimama.

Akaniuliza nakunywa maji kiasi gani. Nikaona haya. Ukweli ni kwamba kwa sababu ya tezi dume nilikuwa nakwepa maji ili nisiamke mara nne usiku. Joto la Tanga, mfungo, kidonge cha kukojoza daku, na maji glasi mbili: sasa nashangaa kwa nini sikuanguka mapema zaidi. Alinipima sukari, damu, na moyo kwa zile waya za kubandikwa kifuani, maana mapigo yakienda ovyo nayo huleta giza kama hilo. Vyote vilikuwa sawa. Alinisimamishia kidonge cha kukojoza, cha tezi dume akakihamishia wakati wa kulala, akanishauri nifungue. Siku zilizobaki nilikula, nikazilipa baada ya Idi.

Na kuamka nikafundishwa upya, nami nina miaka 71. Nikae ukingoni mwa kitanda, nichezeshe nyayo kama nakanyaga cherehani, ndipo nisimame nikiwa nimeshika kitu. Baada ya wiki mbili, nikisimama presha ilikuwa 130 kwa 80, na giza likaisha.

Lakini kile cha kitandani hakikuisha. Daktari alishakiona mapema. Aliazima kalamu yangu nyekundu akapigia mstari kila palipoandikwa "nimegeuka". Vyote vilikuwa upande wa kulia, na hakuna kilichozidi dakika moja. Akanipeleka kwa daktari wa masikio. Huyo alinikalisha kitandani, akanigeuza kichwa kulia, akanilaza chali kwa haraka kichwa kikining'inia. Dari ikaanza kuzunguka. Mke wangu aliyekuwa amesimama pale anasema macho yangu yalikuwa yanacheza kama samaki aliyetupwa mchangani. Daktari akatabasamu! Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo za kalsiamu zinazosaidia mwili kujua umekaaje. Uzeeni hubanduka, zikaingia kwenye mifereji ambamo hazitakiwi, na ukigeuza kichwa zinakoroga maji ya mle. Hazina kidonge. Hutolewa kwa kugeuzwa kichwa kwa mpangilio: kulia, kushoto, kisha ubavu wa kushoto uso ukitazama sakafu, halafu kukaa. Mpangilio huo unaitwa kwa jina la daktari wa Marekani aliyeubuni, John Epley. Nilifanyiwa mara mbili siku ile na mara moja wiki iliyofuata.

Shemeji yangu hakupata bahati hiyo. Chake kilimjia ghafla, akapepesuka, maneno yakawa mazito mdomoni. Akapewa maji ya sukari akaambiwa alale. Kilikuwa kiharusi. Kizunguzungu cha namna hiyo, au chenye mkono kulegea au uso kwenda upande, hakihitaji daftari, kinahitaji gari saa hiyo hiyo.

Vijiwe vyangu, zile chembe za sikioni, vilirudi mwezi uliopita, nilipokuwa natazama juu kufunga pazia. Daktari alishatuonyesha namna ya kuvirudisha mahali pake tukiwa nyumbani, baada ya kuhakikisha shingo yangu ni nzima. Kila mkao ni nusu dakika hivi, na saa ya ukutani hatuna. Mke wangu akaketi kwenye kigoda, akavuta tasbihi yake ya punje 33, mzunguko mmoja kila mkao, na kila alipofika mwisho akanigonga bega: "Haya, geuka."