Kama mlingoti

Mdogo wangu kajifungua Jumatatu, salama, mtoto wa kike, na ofisini hatimaye tumehamishiwa ghorofa ya nne. Hayo ndiyo mliyoyasubiri, najua. Mimi nimekaa hapa nawaza neno "haya".

Ile picha ya Kilwa mliyoipenda, ya mzee kwenye usukani wa mashua, yeye mweusi tii, jua nyuma yake, maji yote dhahabu. Kuna jambo sikuwaambia. Tulipokuwa tunarudi kutoka Kisiwani kwenda Masoko, upepo wa kusi unatusukuma, nilimwonyesha mwenyewe kwenye kioo cha kamera. Akatazama. Akapangusa kioo kwa kidole gumba, akatazama tena.

"Hii picha ya jua, mwanangu. Mimi umenisimamisha kama mlingoti."

Nikacheka. "Ndiyo mtindo, mzee."

"Haya," akasema, akageukia bahari yake.

Mnaijua haya hiyo. Ni ile ya mama mkwe ukimwambia wali umeshika chini kidogo tu.

Wiki ya tatu sasa. Naosha vyombo, kama mlingoti. Nimebanwa kwenye daladala, kama mlingoti. Kinachoniuma ni kwamba sikukosea. Nilipanga. Nilikuwa upande wa magharibi wa mashua, jua likimpiga vizuri shavuni, nikahamia mashariki ili liwe mgongoni kwake. Nikapima mwanga wa anga badala ya uso, spidi 1/1000 ya sekunde, na kamera ikatii. Anga likiwaka kiasi kile, ukilipima lenyewe, mtu aliye mbele yake lazima awe kivuli. Na mimi nilikitaka kivuli. Kivuli hakikuangalii machoni, huhitaji hata kukizoea kwanza.

Haraka nayo ilichangia. Walimu wangu wa YouTube wanapiga picha Iceland, jua linatambaa pembeni mwa dunia jioni nzima, wanakunywa kahawa wakisubiri. Kilwa iko nyuzi 9 kusini ya ikweta. Jua halitambai, linadondoka. Ukipata nusu saa ya mwanga ule, shukuru.

Jana usiku nikafungua faili ghafi la picha ile, lile ambalo kamera haijalipika, nikajaribu kuinua vivuli nimtoe uso. Zikatoka chenga za zambarau. Nikajiuliza: alikuwa na ndevu? Nilikaa naye karibu siku nzima, nikala naye mihogo, na sikumbuki.

Basi nikaanza kupekua zote, moja moja, mpaka nikafika kwenye zile nilizozitia alama ya kufutwa. Na hapo akatokea! Mchana wa saa sita, Msikiti Mkuu. Nilikuwa najaribu mwanga tu kabla ya kupiga mihrabu, ambayo ilinitesa: kibla ya Kilwa ni kaskazini, na mwezi Juni jua nalo liko kaskazini, kwa hiyo mihrabu inabaki kivulini kutwa nzima. Mzee alikuwa ameegemea nguzo chini ya tao, ananing'oa masikio kwa kugombana na mtu kwenye simu kuhusu nyavu. Jua lilikuwa limegonga ardhi nje likarudi juu, likamwingia usoni taratibu, kama amewashiwa taa ya chemli. Anga nyuma limeungua, jeupe kabisa, halina hata wingu. Nguzo imepinda. Mwalimu wangu wa Iceland angeitupa.

Lakini ndevu anazo, nyeupe, kidevuni tu. Kofia imesogea nyuma. Mkono uko hewani, mdomo wazi, pengo moja juu kushoto. Nikacheka peke yangu saa saba ya usiku mpaka jirani akagonga ukuta.

Kesho kutwa naipeleka kusafishwa, niitume kwa basi la Masoko. Ile ya jua nimeshaiondoa humu ukutani kwangu, ingawa kusema kweli bado naiona nzuri. Na huenda akaishika hii mpya akasema, mbona umenipiga nikigombana. Sijui.

Mama amepiga simu mara mbili leo. Mara zote nikipokea anasema amekosea namba, nilale. Mama anazijua namba zetu zote kwa kichwa. Kesho naomba ruhusa saa tisa, niende Mbagala.