Kilemba cha gunia

Uyole, Jumatano usiku. Mvua haijakatika tangu mchana.

Leo tumepakia gunia 40 za viazi kule Isyonje, zote lumbesa. Kwa asiyeijua biashara yetu: gunia likishajaa, unaongeza ndoo mbili juu, mshonaji anakaza kamba mpaka kilemba kinasimama. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria inataka lisizidi kilo 100. Mizani hatubebi, na tunajua kwa nini hatubebi.

Mama mwenye shamba alikuwa kando, kitenge kichwani, akimtazama mshonaji. "Mwanangu, na hicho cha juu kinalipwa?" Nikamwambia, "Mama, ndivyo soko lilivyo." Akacheka. Heri angenitukana.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa enzi za Azimio la Arusha. Alikuwa akitunyooshea vidole vinne: watu, ardhi, siasa safi, uongozi bora. "Fedha mmeisikia humo?" Hatukuisikia, wala nyumbani hatukuiona, mimi na kaka tulivaa viatu vya shule kwa zamu. Nikaapa nitaitafuta.

Nimeipata, kiasi. Na raha inayo, nisiwe mnafiki. Siku mama yangu alipofanyiwa upasuaji nikalipa bila kupitisha daftari la michango kwa ndugu, nililala fofofo. Anayesema fedha haileti furaha hajasimama dirisha la malipo na mgonjwa nyuma yake.

Ila Jumapili iliyopita palikuwa na harambee ya kuezeka kanisa, huko huko Isyonje. Nikatoa bati 20. Vigelegele, nikapandishwa meza kuu. Yule mama alikuwepo, ndiye aliyeninawisha mikono.

Sasa nimekaa na kalamu. Ndoo mbili mara gunia 40 ni ndoo 80. Ndoo sita zinajaza gunia. Gunia 13 na chenji, safari moja tu, na msimu una safari nyingi. Zile bati kanunua nani?

Nimempigia mshonaji, nikamuuliza tukishona bila kilemba itakuwaje. "Bosi, ukishusha gunia fupi Dar, wateja wanahamia kwa jirani. Utalala na mzigo mpaka uote." Hajakosea. Peke yangu nitafilisika, na mama atamuuzia mwingine lumbesa ile ile.

Ijumaa tunapakia tena. Mwanjelwa nimeona mizani ya kuning'iniza, imetundikwa mlangoni mwa duka. Sijauliza bei.