Swali la kwanza la vijana wangu

Leo nimepokea vijana wapya wa kujitolea kuwasaidia watu wasio na makazi, na swali lao la kwanza lilikuwa lile lile: "Kwani hawa walifanya nini mpaka wakaishia barabarani?" Silichukii swali hilo. Mwenye kuliuliza anatamani kuamini kwamba hayo hayatamkuta, na katika umri ule nani asiyetamani? Lakini likiachwa hivi hivi, kijana atakwenda kugawa mablanketi akiwa na jicho la hakimu.

Niliwaambia kila mmoja aandike vitu atakavyovikosa kesho akiamka hana pa kukaa. Kitanda, bafu, mlango wa kufunga. Binti aliyekuwa kimya muda wote ndiye aliyesema: anwani. Hapo mazungumzo yakakolea. Barua ya kuitwa kwenye usaili itapelekwa wapi? Kitambulisho kikiibwa usingizini, utapataje kingine ikiwa fomu inadai mahali unapoishi? Simu utaichaji wapi, ili mwajiri akipiga akupate? Na mgonjwa wa kisukari, insulini yake ataihifadhi kwenye ubaridi upi? Waliandika mpaka karatasi zikajaa pande zote mbili.

Sababu nilizitaja kwa ufupi: kodi inayopanda kuliko mshahara, maradhi, mwanamke anayekimbia kipigo, vijana wanaotoka kwenye vituo vya malezi wakitimiza miaka 18. Niliwakumbusha pia wale wasioonekana, wanaolala kwenye makochi ya marafiki au ndani ya gari. Hesabu ya wanaolala nje, inayofanywa mitaani kwa usiku mmoja, huwakosa wengi wao.

Kijana mmoja akashikilia kwamba mlevi aache pombe kwanza ndipo apewe nyumba. Hoja hiyo ilitawala kwa miaka mingi. Nikamweleza kuhusu mwanasaikolojia Sam Tsemberis, aliyeanza kufanya kinyume chake New York mwaka 1992: nyumba kwanza, matibabu baadaye, bila kulazimishwa. Ufini ilifanya mtazamo huo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 15,000 wasio na makazi. Kufikia 2022 walikuwa chini ya 4,000. Akili hutulia mtu akiwa na ufunguo wake mfukoni, nami naliamini hilo kwa moyo wote.

Masharti yangu hayabadiliki: salimia kwanza, usipige picha, usimdai mtu historia yake eti kwa sababu umempa soksi.

Wiki ijayo atakuja mzee aliyelala nje kwa miaka. Ameniambia hana nia ya kusimulia yaliyompata. Anataka kuwafundisha vijana namna ya kumsaidia mtu kujaza fomu ya kuomba nyumba, maana yeye ndipo alipokwama muda mrefu kuliko popote. Nimemwachia kipindi chote.