Nilivyojenga sanduku la barafu ndani ya mashua yetu

Mwaka jana gugumaji lilifunga njia ya kuingia Dunga, ufuo wetu wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria, na mashua yetu ikakwama majini tangu saa sita mchana hadi jua likakaribia kuzama. Tulikuwa na kilo 80 za mbuta, yaani sangara, tuliowanunua kwa wavuvi wa Asembo Bay, na barafu kidogo ndani ya kreti za plastiki zilizofunikwa kwa magunia mabichi. Tulipofika ufuoni, matamvua yaliyokuwa mekundu yalikuwa yamegeuka kahawia. Mama anayenunua samaki kwangu kwa miaka mingi aliinua mmoja, akamnusa, akamrudisha polepole. "Mwanangu, hawa siwezi kuwauzia watu," akasema. Niliumia, kwa sababu samaki wale walitoka majini wakiwa wazima kabisa.

Masanduku yaliyokuwa yakiuzwa hayakufaa, kwani mashua ya mbao hupungua upana kadiri unavyoshuka chini, na sanduku la pembe nne lililazimika kukaa juu ya mataruma, yaani mbavu za mashua, jambo ambalo lingepandisha uzito na kuifanya mashua iyumbe. Kwa hiyo nilikata makatoni, nikayapunguza kidogo kidogo kwa kisu hadi yakashika umbo la mashua katikati, panapobeba mzigo vizuri zaidi, kisha nikayatumia kama vipimo vya kukatia plaiwudi. Fundi mzee aliyeiunda mashua hiyo alinisisitizia niache nafasi ya vidole vinne kati ya sanduku na ubao wa mashua, ili hewa ipite na maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini kabisa ya mashua, yachoteke, la sivyo ubao ungeoza mahali nisipopaona.

Kabla ya kukata chochote nilikaa na kalamu. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka humeza joto la kilojuli 334. Nafasi ya ndani niliyoipata ilikuwa, kwa wastani, sentimita 90 kwa 60 kwa 50, yaani lita 270. Kwa kuta za povu gumu la kuzuia joto zenye unene wa sentimita 5, siku yenye joto la nyuzi 28, joto linalopenya kutani peke yake lingeyeyusha kilo 11 hivi za barafu kwa siku. Kwa sentimita 10, hasara hiyo hushuka hadi kilo 5 au 6. Kumpoza samaki mwenyewe ni hesabu nyingine, kwani kilo 100 za samaki waliotoka kwenye maji ya nyuzi 25 humaliza kilo 26 hivi za barafu kabla hawajafika sifuri. Niliamua kupoteza nafasi ya mzigo ili nipate ukuta mnene, na uamuzi huo sijaujutia.

Kosa langu kubwa lilikuwa la povu. Nilinunua mabamba meupe ya polistirini, yale yanayofungiwa televisheni, nikayapaka rezini ya poliesta, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, ili nilaze faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu yake. Baada ya dakika chache bamba lilianza kuzama katikati, likafanya mashimo, likawa uji unaonata, kwa sababu rezini hiyo huyeyusha polistirini. Kazi ya siku mbili ilikwisha mbele ya macho yangu. Nilitafuta upya, nikapata kwa mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye, Kisumu, mapande ya poliyurethani, povu la aina nyingine, yaliyotolewa kwenye lori bovu la kubebea vyakula baridi. Hayo hayadhuriki kwa rezini ya poliesta. Niliyapanga tabaka mbili za sentimita 5, nikihakikisha maungio ya tabaka moja hayalingani na ya nyingine, kisha nikafunika kila upande kwa faiba. Kila tundu la skrubu nililijaza rezini, kwa maana povu likishanywa maji halizuii joto tena, na kulikausha likiwa ndani ya ukuta ni vigumu mno.

Tundu la kutolea maji ya barafu nalo lataka uangalifu. Hewa baridi ni nzito, hivyo tundu lililo wazi chini huimwaga yote. Nilifunga bomba la mpira lililopindwa kama shingo ya bata, maji yakabaki kwenye pindo na kuzuia hewa, na yanayozidi huanguka kwenye karai, yasiingie kwenye ngama na kunuka.

Nililijaribu nyumbani kwa kilo 20 za barafu. Baada ya saa 24 zilibaki 13, pungufu ya nilivyotarajia. Nikachukua ukanda wa karatasi, nikaubana chini ya mfuniko na kuuvuta kila upande. Kwenye bawaba ulitoka bila kushikwa kabisa, ishara kwamba hapo mfuniko haukuziba. Nilibadilisha mpira wa pembeni upande huo, na jaribio la pili likaniachia kilo 14.

Novemba gugumaji lilitufunga tena, safari hii usiku kucha, tukiwa na kilo 70 za samaki na kilo 60 za barafu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, matumbo ya samaki yakiwa yameshatolewa. Asubuhi nilipofungua, barafu bado ilikuwa imewafunika na matamvua yalikuwa mekundu. Yule mama aliwachukua wote. Sasa ninamjengea shemeji yangu sanduku la pili, ila mfuniko wake nimeugawa vipande viwili, ili anayetoa samaki mmoja asilifunue sanduku zima juani.